Dirisha la Daftari Lifunguliwe, Lakini Mkono Usipite



Tangu kumalizika msimu uliopita wenzetu si wachache wamefika afisini, na wengine wametuletea barua, wakiuliza jambo moja kwa maneno mbalimbali: kwa nini karani akiona kosa katika orodha ya mizigo iliyo mbele yake kwenye kompyuta hawezi kulisahihisha pale pale? Mwanachama amesimama mezani na stakabadhi yake mkononi. Stakabadhi yasema kilo 62, orodha yasema kilo 26. Karani aweka alama juu ya tarakimu, abonyeza, abonyeza tena, na mashine haimjibu kitu. Mwisho humwambia mwenziwe, "Rudi Alkhamisi." Mtu aliyetoka Konde kwa gari ya abiria, akaacha karafuu zake juu ya jamvi na mawingu yamefunga, hakustahiki kuambiwa arudi Alkhamisi kwa ajili ya tarakimu mbili zilizopinduka.

Kamati imelizungumza jambo hili na haikuafikiana. Wako waonao kuwa orodha ifunguliwe kabisa, karani asahihishe kila akionacho, kwani kazi ya karani ni hiyo. Wako waonao kuwa orodha ibaki imefungwa kama ilivyo, kwa sababu mlango ukishafunguliwa hajulikani nani ameingia. Pande zote mbili zina watu wa heshima na wenye kuitakia kheri jamaa hii. Sisi wa afisi ya katibu tuna rai ya tatu, na twaiweka hapa mbele ya wanachama kabla ya mkutano mkuu, ili kila mtu aipime kwa mizani yake mwenyewe.

Kwanza yatupasa tueleze orodha ile ni kitu gani, maana wengi wadhani kuwa ni daftari, na kumbe sivyo.

Ndani ya kanzidata ya chama hamna daftari moja. Mna majedwali kadha. Mna jedwali la wanachama, ambalo ndani yake kila mwanachama ana mstari mmoja tu: nambari yake, jina lake, kijiji chake. Mna jedwali la mizigo: nambari ya mzigo, tarehe, nambari ya mwanachama, daraja ya karafuu, na kilo. Tena mna jedwali la malipo. Katika jedwali la mizigo jina la mwanachama halikuandikwa hata mara moja. Iliyoandikwa ni nambari yake. Hivi ndivyo ifaavyo, kwani mtu akileta mizigo arubaini kwa misimu minne, na jina lake likaandikwa mara arubaini, basi litapatikana kwa tahajia sita, na siku ya malipo tutakuwa na watu sita badala ya mmoja. Mpango huu wa kuandika kila jambo mahali pamoja, na majedwali yaelekezane kwa nambari, ulitolewa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California. Na karibu kanzidata zote za hesabu zitumiwazo maafisini leo zimejengwa juu ya fikira yake.

Sasa karani hawezi kufanya kazi kwa nambari tupu. Ataka aone jina, kijiji, tarehe na kilo katika mstari mmoja. Kwa hiyo fundi huandika swali moja na kuliweka ndani ya kanzidata chini ya jina lake: nipe kila mzigo wa msimu huu pamoja na jina la mwenyewe. Kila mara orodha ifunguliwapo mashine hulisoma swali hilo, hupita katika majedwali, hukusanya na kuonyesha. Mafundi huiita viyu. Sisi katika makala haya tutaiita dirisha, na wazoefu wa kompyuta watuwie radhi, hatukusudii yale madirisha ya skrini. Dirisha halihifadhi kitu. Ukitazama shamba kwa dirishani waiona mikarafuu, lakini mikarafuu haikupandwa katika kioo.

Hapa ndipo ilipo sababu ya mashine kukaa kimya. Programu tuitumiayo mezani ni Base, iliyo miongoni mwa programu za LibreOffice. Base haikubali kubadilisha mstari mpaka ijue kwa yakini ni mstari gani, na njia yake ya kujua ni ufunguo mkuu, yaani ile nambari isiyorudiwa ambayo kila jedwali lapaswa kuwa nayo. Jedwali la mizigo lina ufunguo wake. Swali la jedwali moja lililouchukua ufunguo huo huweza kuhaririwa. Dirisha, kwa kuwa si jedwali, halina ufunguo wake lenyewe, na kanzidata ndogo iliyofungwa ndani ya faili la Base, iitwayo HSQLDB ya toleo la 1.8, hayakubali kabisa madirisha yake kuandikwa. Basi fomu iliyojengwa juu ya dirisha huonyesha kila kitu na haipokei kitu. Si ubovu wa kompyuta, wala si ukaidi wa karani.

Wasomaji wengine watasema kuwa kama ni hivyo tatizo ni la programu, na programu nyingine italiondoa. Kwa sehemu ni kweli. Codd mwenyewe mwaka 1985, alipotoa kanuni zake za kupimia kanzidata, alitia ya sita kuwa kila dirisha linaloweza kubadilishwa kwa nadharia lazima mashine iweze kulibadilisha kwa vitendo. Lakini angalieni aliposema "linaloweza". Yako madirisha yasiyoweza, na hakuna fundi duniani wa kuyafanya yaweze, kwa kuwa ugumu haumo katika mashine bali umo katika maana ya badiliko lenyewe.

Jepesi la kulifahamu ni dirisha la jumla. Tuseme mwanachama ana magunia matatu na dirisha laonyesha jumla kilo 150. Karani ataka kuandika 148. Hizo kilo mbili zitoke katika gunia lipi? La kwanza, la pili, au kila moja litoe kidogo? Mashine haijui, na karani akiulizwa hajui vile vile. Ajuaye ni mizani peke yake. Jumla haisahihishwi. Hili sidhani kuwa kuna atakayeshindana nalo.

Lililo gumu, na ndilo tutakalo wanachama walitafakari khasa, ni dirisha la majina. Tuseme mzigo mmoja umetiwa kwa nambari ya Hamad wa Wete, na mwenyewe ni Hamad wa Mkoani. (Na katika kisiwa chetu akina Hamad ni wangapi, hilo halihitaji takwimu.) Karani alifungua dirisha, aona mstari wa mzigo, aona jina si lenyewe, na laiti dirisha lingekuwa wazi angefuta jina la kwanza na kuandika la pili. Kwa macho yake amefanya jambo moja dogo: amemrudishia mtu mzigo wake. Lakini jina limekaa wapi? Si katika jedwali la mizigo. Limekaa katika jedwali la wanachama, katika mstari mmoja wa Hamad wa Wete. Mashine itakwenda huko na kumbadilisha jina. Tangu saa hiyo mizigo yote ya Hamad wa Wete, ya msimu huu na ya misimu iliyopita, na malipo yake yote, itaonekana kuwa ni ya mtu wa Mkoani. Na yeye mwenyewe akija kuuliza hataonekana popote. Na ule mzigo mmoja uliotakiwa kuhamishwa haukuhama, kwani nambari iliyo juu yake ni ile ile.

Msidhani kuwa twatisha watu. Ziko kanzidata, na MariaDB ni mojawapo, zinazokubali badiliko kama hili katika dirisha la majedwali mawili, maadamu limegusa jedwali moja tu kwa mara moja. Mashine haikukosa, imetii. Iliyokosekana ni mtu wa kuuliza: wataka kusema jina hili limeandikwa vibaya, au wataka kusema mzigo huu si wake? Ni maswali mawili mbalimbali kabisa, na kwa dirishani yote mawili yana sura moja.

Wale wasemao lifunguliwe lote, basi, jawabu yetu kwao ni Hamad wa Wete.

Lakini wale wasemao libaki limefungwa nao wasifurahi mapema. Dirisha likifungwa watu hawaachi kusahihisha. Husahihisha mahali pengine. Hili tumeliona kwa macho katika zaidi ya afisi moja, na hatutaji jina la mtu. Karani aliyechoka kusema "Rudi Alkhamisi" huinakili orodha, huibandika katika karatasi ya mahesabu ya Calc au ya Excel, husahihisha huko, hupiga chapa, humpa mwanachama, na mwanachama aondoka radhi. Kanzidata imebaki na kilo 26. Baada ya wiki mbili mwenziwe anakili orodha upya na kusahihisha yake. Sasa mna karatasi tatu zenye habari tatu, kila moja ina tarehe, kila moja imepigwa chapa safi, na siku ya malipo mtu wa hesabu hutazama kanzidata. Aliyeumia ni mwenye karafuu. Kufuli iliyowafanya watu watoboe ukuta haikulinda nyumba.

Kwa hiyo twaona kuwa karani lazima aweze kusahihisha pale pale mezani, mbele ya mwanachama, na lazima asahihishe katika kanzidata yenyewe si pembeni. Linalobaki ni namna gani.

Wazee waliotushikia madaftari ya karatasi walikuwa na desturi, na sisi tuliokwenda skuli baadaye tumeikuta. Tarakimu ikikosewa haikwanguliwi. Hupigwa mstari mmoja mwembamba ili ya zamani isomeke, mpya huandikwa juu yake, na aliyeandika hutia saini. Daftari si ubao wa chuoni, uuandike asubuhi na jioni uukoshe. Aliyekuwa akikwangua kwa wembe alijulikana kwa doa la karatasi. Kompyuta haina doa. Ukiandika 62 juu ya 26 ile 26 imekwenda isikorudi, na baada ya mwaka hakuna wa kusema ilikuwako, nani aliyeiondoa, wala kwa ushahidi gani. Huu ndio moyo wa hoja yetu: tusilifanye dirisha lipokee tarakimu mpya juu ya ya zamani hata pale iwezekanapo. Tulifanye lipokee sahihisho.

Namna yake ni hii, na mafundi watatustahimilia kwa kuieleza kwa lugha ya mezani. Tuongeze jedwali la nne, jedwali la masahihisho. Kila mstari wake una nambari yake mwenyewe, nambari ya mzigo, kilo za kuongeza au kupunguza, sababu, tarehe, na jina la karani. Kisha tujenge fomu moja yenye sehemu mbili. Juu pawe na dirisha kama lilivyo leo, la kutazama tu: jina, kijiji, tarehe, kilo. Chini yake pawe na fomu ndogo iliyojengwa juu ya jedwali la masahihisho, na hizi mbili zifungwe pamoja kwa nambari ya mzigo. Katika Base kazi hiyo hufanywa kwa kutaja uga wa fomu kubwa na uga wa fomu ndogo zinazolingana. Karani akisimama juu ya mzigo wa mwanachama, fomu ndogo huonyesha masahihisho ya mzigo huo peke yake. Akiongeza mstari, nambari ya mzigo hujijaza yenyewe, hana haja ya kuiandika wala nafasi ya kuikosea. Aandika 36 ya kuongeza, aandika sababu kuwa tarakimu zilipinduka na stakabadhi imeonekana, ahifadhi. Fomu ndogo yapokea bila ya ubishi, kwa kuwa imejengwa juu ya jedwali halisi lenye ufunguo mkuu. Dirisha la juu likisomwa upya laonyesha 62.

Na laonyeshaje 62 iwapo 26 haikuguswa? Kwa kuwa swali la dirisha limeandikwa upya: nipe kilo za awali, ukiongeza na jumla ya masahihisho yake. Ile 26 imekaa mahali pake kama ilivyotiwa siku ile, na 36 imekaa mahali pake na jina la aliyeiandika. Atakaye kujua yaliyopita atayakuta yote mawili.

Hapa pana mashimo mawili ambayo fundi asiyekuwa mwangalifu hutumbukia, nasi twayataja ili wanachama wenye vijana mafundi wawaulize. La kwanza: mizigo iliyo mingi haitakuwa na sahihisho hata moja, na kwa kanzidata kukosa kitu si sawa na sifuri. Kilo 50 ukiziongezea "hapana kitu" mashine haijibu 50. Yajibu "hapana kitu", na mzigo mzima watoweka machoni. Lazima swali liambiwe waziwazi kuwa pasipo na sahihisho pahesabiwe sifuri, na amri ya kufanya hivyo huitwa COALESCE. La pili ni la hatari zaidi kwa sababu halitoi mzigo, bali huuzidisha. Tuseme ule mzigo wa kilo 26 una masahihisho mawili, 36 ya kuongeza, na 1 ya kupunguza kwa uzito wa gunia. Jawabu ya haki ni kilo 61. Fundi akiunganisha majedwali ovyo ovyo na kujumlisha, mzigo utatokea mara mbili, mara moja kwa kila sahihisho. 26 itahesabiwa mara mbili na jumla itakuwa 87. Dawa yake ni kuyajumlisha masahihisho kwanza, kila mzigo peke yake, ndipo yaunganishwe na mizigo. Kabla ya kuipokea kazi ya fundi yeyote tutampa mzigo usio na sahihisho, mzigo wenye moja na mzigo wenye mawili, na tutahesabu kwa kalamu.

Njia hii haihitaji mashine kubwa; hata faili la Base peke yake laiweza. Hata hivyo twashauri kanzidata ihamishiwe PostgreSQL, na Base ibaki kuwa meza ya mbele. Sababu yetu kubwa si mbio wala fakhari. Faili la Base ni kama sanduku lisilo na kitasa: aliyelipata amepata yote, na watu wawili hawafai kulifanyia kazi kwa wakati mmoja. Katika PostgreSQL kila karani aingia kwa jina lake na neno lake la siri, na anaweza kupewa ruhusa ya kusoma dirisha na kuongeza mstari katika jedwali la masahihisho, bila ya ruhusa ya kubadilisha wala kufuta mstari wowote. Hapo tena ukarani hautegemei uaminifu wa mtu peke yake, na karani mwaminifu mwenyewe atapumzika, kwani siku pakitokea mtafaruku hatatazamwa kwa jicho la shaka.

Vile vile PostgreSQL ina madirisha yanayopokea, nasi hatuyakatai kila mahali. Tangu mwaka 2013 dirisha la jedwali moja, lisilo na jumla wala mkusanyo, hupokea mabadiliko lenyewe na kuyapeleka kunakohusika. Laweza kufaa kwa mambo madogo kama nambari ya simu ya mwanachama. Litengenezwe pamoja na sharti liitwalo WITH CHECK OPTION, lililoongezwa mwaka 2014, kwani bila ya hilo lina mchezo wa ajabu: ukiwa na dirisha la wanachama wa Wete peke yao, na karani akabadilisha kijiji cha mtu kuwa Mkoani, mtu huyo hutoweka mbele ya macho yake, naye hudhani amemfuta na kumwandika mara ya pili.

Kwa madirisha ya majedwali mawili PostgreSQL hukataa, mpaka fundi aandike triga ya aina ya INSTEAD OF, yaani "badala ya", ambayo imekuwako kwa madirisha tangu mwaka 2011. Karani akibadilisha mstari, mashine hailigusi jedwali. Humkabidhi fundi mstari uliokuwako na mstari unaotakiwa, na fundi ndiye aliyekwisha kuandika la kufanya: jina likibadilika kataa, kilo zikibadilika andika tofauti yake katika jedwali la masahihisho. Ni chombo kizuri mno. Lakini Base isipouona ufunguo mkuu wa dirisha yaweza kuendelea kulionyesha kwa kusoma tu, ijapokuwa PostgreSQL imekubali kupokea. Na zaidi ya hayo sheria za chama zitakuwa zimefichwa katika maandishi asomayo fundi mmoja. Fomu ndogo hata mzee asiyejua kompyuta anaweza kuitazama na kufahamu kinachotendeka. Kwa chama cha wakulima twaona hilo lina thamani kuliko ufundi.

Kijana wa mwanachama mmoja ametushauri tutumie Microsoft Access, kwa hujja kuwa yenyewe hukubali kuandika katika madirisha. Ni kweli kwa sharti. Access ikiunganishwa na dirisha la kanzidata nyingine humwuliza mwenye kuunganisha: ni safu zipi zinazoutambulisha kila mstari? Usipojibu, ni kusoma tu. Ukijibu, yaamini ulilosema. Mtu akichagua jina la mwanachama kuwa ndio utambulisho, Access itaona mistari mitano ya Hamad kuwa ni mmoja, na yaweza kuonyesha mzigo ule ule mara tano huku mingine minne haionekani. Hatuitukani programu hiyo, na wenye kuijua vyema wafanya nayo kazi nzuri. Lakini haituondolei haja ya kufikiri, na leseni yake ni ya kununua, ambapo LibreOffice na PostgreSQL hazina ada ya leseni. Fedha chache tulizonazo twaona zitumike kuwafundisha makarani.

Juu ya majina: kusahihisha tahajia ya jina kufanywe katika fomu ya wanachama peke yake, na mtu mmoja aliyewekwa na kamati. Kumhamishia mtu mzigo ni sahihisho la aina nyingine, nalo liwe na fomu yake, ambamo karani hachapi jina bali hulichagua katika orodha. Orodha hiyo yaweza kuonyesha jina na kijiji pamoja, na kinachohifadhiwa chini yake kikawa ni nambari ya mwanachama. Base hufanya hivyo vizuri. Hamad wa Wete na Hamad wa Mkoani watakuwa mistari miwili juu ya skrini, na karani hana njia ya kumfanya mmoja awe mwingine.

Imeulizwa pia kama kazi haitakuwa nyingi zaidi, karani aandike sababu kwa kila sahihisho. Itakuwa nyingi kidogo. Mstari mmoja wa sababu ni kazi ya nusu dakika, na safari ya Alkhamisi ni kazi ya siku nzima, na nauli juu yake. Wala hatutaki sababu iandikwe "kosa" basi. Neno hilo halimwambii mtu kitu. Iandikwe kilichoonekana: stakabadhi, kishina chake, au mizani kurudiwa.

Mbele ya mkutano mkuu tutaleta maombi yafuatayo: jedwali la masahihisho na fomu yake vitengenezwe kabla ya mizani kufunguliwa msimu ujao, madirisha ya jumla yabaki ya kusoma, na kila mwanachama aliyesahihishiwa mzigo apewe karatasi iliyopigwa chapa yenye kilo za awali, sahihisho, sababu, na jina la karani. Orodha nyingine zilizonakiliwa pembeni zikusanywe zote na kulinganishwa na stakabadhi, mzigo kwa mzigo, mbele ya wajumbe wawili wa kamati. Kwa kazi hiyo twahitaji stakabadhi za msimu uliopita. Aliye nayo asiitupe hata kama imelowa au imechanika. Ailete afisini siku yoyote ya kazi, asubuhi, itanakiliwa na kurudishiwa mwenyewe papo hapo.

Katibu